Meli zilizopita Ukambani vipande vipande, na mito iliyokataa bandari

MGENI afikaye Tulia, katika Kaunti ya Kitui, msimu wa kiangazi na kuuliza mto uko wapi, aghalabu huonyeshwa mchanga. Huona ukanda mpana na mkavu unaopinda baina ya kingo mbili zilizoliwa na mafuriko, na hapa na pale mashimo ambamo watu huteka maji kwa kata, kidogo kidogo, hadi mtungi ujae.

Ukimwambia mtu huyo kwamba nchi hii ina sehemu yake katika historia ya meli na bandari za Afrika Mashariki, atadhani unamfanyia mzaha.

Hata hivyo, mojawapo ya meli za kwanza za mvuke kuelea katika Ziwa Victoria ilipita Ukambani. Haikupita majini. Ilipita nchi kavu, ikiwa imekatwa vipande, kwa njia iliyokatiza Kibwezi katika Kaunti ya Makueni ya leo. Meli nyingi zilizoifuata zilipita papo hapo kwa garimoshi, hata zile zilizoundwa wakati Kenya ilipokuwa ikikaribia kupata uhuru wake.

Ili kuelewa kwa nini mambo yalikwenda hivyo, yafaa kwanza kueleza kwa nini mito yenyewe haikuweza kuifanya kazi hiyo.

Ukambani umezungukwa na mito miwili mikubwa kuliko yote ya Kenya inayomwaga maji katika Bahari ya Hindi. Kaskazini mwa Kitui hupita mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, unaotoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Kati ya Kitui na Makueni hupita mto Athi, ambao ukiungana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia Pwani huitwa Sabaki, kabla ya kuingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi.

Kwa anayetazama ramani tu, mito hii ni barabara mbili zilizo tayari kutoka baharini hadi nyanda za juu. Kosa la ramani ni kwamba haionyeshi mteremko.

Athi huanza katika nyanda zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hauteremki polepole kama ngazi pana ya msikiti, bali huruka. Kuna maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, kisha mwendo mrefu chini ya Uwanda wa Yatta, ule mgongo wa mawe ya volkano wa karibu kilomita 300. Ukishapita hapo, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, maji hujibana katika mawe ya maporomoko ya Lugard, ambapo mtu angeweza kudhani angeuruka mto kwa hatua moja. Meli haipandi mahali kama hapo, wala mtumbwi.

Mito midogo ndiyo kabisa. Tiva, Thua, Nzeeu, Kaiti na Thwake hujaa kwa saa chache au siku chache mvua inaponyesha milimani, kisha maji hutoweka na kuacha mchanga. Tiva na Thua huelekea mashariki na kupotelea nyikani kabla ya kuiona bahari.

Kwa hivyo tumaini lote la usafiri wa majini liliwekwa katika Tana.

Mzungu wa kwanza kulifuata jambo hilo kutokea upande wa Ukambani alikuwa Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani wa Church Missionary Society aliyekuwa na makao Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba, Kivui wa Mwenda, na Desemba 3 mwaka huo akauona Mlima Kenya kwa mbali.

Kivui hakuwa mtu wa kuongozwa na wageni. Enzi hizo Wakamba ndio walioshika biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Misafara yao ilikuwa na mamia ya watu, na njia zao walizijua kuliko mtu yeyote aliyezichora baadaye. Ikiwa neno uchukuzi lina maana ya tasnia, basi hiyo ndiyo iliyokuwa tasnia ya kwanza ya uchukuzi katika eneo hili, na ilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivui kuelekea Tana. Kabla ya kufika mtoni msafara ulishambuliwa na Kivui akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, akaufikia mto peke yake akiwa na kiu, na kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mfuko wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vitambaa. Hayo ndiyo maji aliyoondoka nayo katika mto ambao wengine waliomfuata waliutazamia kubeba shehena ya nchi nzima.

Mwaka 1878 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, pamoja na daktari Gustav Fischer, walipanda Tana kutokea Pwani. Walikuwa na hakika kwamba mto huo ungekuwa mlango wa biashara. Ndoto hiyo ndiyo iliyowafanya akina Denhardt waendelee kung'ang'ania Witu na Lamu, hata Ujerumani ikatangaza himaya yake huko Witu mwaka 1885. Miaka mitano baadaye, kwa mkataba wa 1890, eneo hilo liliingia mikononi mwa Uingereza.

Wapokomo, wenyeji wa kingo za Tana ya chini, hawakuhitaji kuambiwa lolote kuhusu mto huo. Mitumbwi yao ilikuwa ikishusha mpunga na mazao mengine tangu zamani, na kupandisha nguo na chumvi. Karibu na bahari ulikuwepo hata mfereji uliochimbwa kwa mikono, wa Belezoni, ulioiunganisha Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ifike Kau na Kipini bila kutoka katika bahari yenye mawimbi. Baadaye mto wenyewe uliuchukua mfereji huo ukaufanya mkondo wake. Katika historia ya uhandisi wa majini nchini mwetu, kazi hiyo ya mikono inastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko inavyotajwa.

Kisha ikaja kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888. Wakurugenzi wake, chini ya Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, walikuwa watu wa bahari. Haishangazi kwamba walifikiri kwa njia ya maji.

Mwaka 1891 kampuni ilimtuma Kamanda F.G. Dundas kuupanda mto Tana kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia. Ilikuwa meli ya aina iliyotumika katika mito mingi duniani wakati huo, yenye tumbo pana na bapa ili isizame sana majini. Gurudumu kubwa la makasia liliwekwa tezini badala ya parafujo, ili lisivunjike likigonga mchanga.

Kenia ilifika Hameye, kituo cha kampuni kilichokuwa mbali sana bara, ambapo juu yake maporomoko yaliufunga mto. Kutoka hapo Dundas na wenzake waliendelea kwa miguu kuelekea Mlima Kenya. Mwaka uliofuata meli hiyo hiyo ilipelekwa mto Juba, ikafika Bardera, ambako mabaki ya meli ya Mjerumani Karl Klaus von der Decken, iliyokwama huko mwaka 1865, yalikuwa bado yanaonekana.

Kwa hiyo meli iliwezekana. Kwa nini basi hakuna bandari iliyojengwa Tana ya juu, upande wa Kitui?

Sababu ya kwanza ni umbo la mto. Tana ya chini hujipinda kama nyoka, na safari ambayo kwa ndege wa angani ni fupi huwa ndefu mno kwa nahodha. Sababu ya pili ni mafungu ya mchanga, ambayo hubadilika kila mafuriko, hivyo kwamba njia iliyopimwa mwaka huu haifai mwaka ujao. Ya tatu ni kuni. Meli ya mvuke hula kuni kwa wingi, na kila baada ya saa kadhaa ni lazima isimame ili wafanyakazi wakate miti. Ya nne, na ndiyo iliyoua hoja, ni kwamba mto ulifika mwisho wake pasipofaa. Shehena iliyokuwa na thamani kwa kampuni ilikuwa Uganda, na Hameye ilikuwa nyika mbali na Uganda.

Fedha za kampuni zilikwisha. Julai 1, 1895, serikali ya Uingereza ilichukua eneo lote kuwa himaya yake.

Hapa ndipo Makueni inapoingia katika habari hii. Kabla ya kufilisika, kampuni ilikuwa imeanza kujenga barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Pwani hadi Kibwezi, iliyokuja kujulikana kwa jina la Mackinnon. Mwaka 1891 wakurugenzi wake walifungua pia Kibwezi misheni ya Kiskoti ya ufundi, ambayo ilihamia Kikuyu mwaka 1898. Na ilipofika zamu ya serikali, Kapteni Sclater alipewa kazi ya kuendeleza njia hiyo hadi Ziwa Victoria, naye alianzia hapo hapo Kibwezi.

Kwa miaka michache, basi, Kibwezi ilikuwa kitu kama bandari ya nchi kavu. Ilikuwa na chemchemi za maji yanayotoka katika vilima vya Chyulu, na ilikuwa mahali ambapo barabara moja iliishia na nyingine ikaanzia.

Katika njia hiyo ndimo ilimopita meli iliyopewa jina la yule tajiri wa Scotland, William Mackinnon. Iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan ya Paisley, karibu na Glasgow, na vipande vyake vikafika Mombasa mwaka 1895.

Inafaa kueleza jinsi meli ya namna hiyo ilivyotengenezwa, kwa maana ndiyo siri ya viwanda vyote vya meli vya maziwa yetu. Meli iliundwa nzima huko Ulaya, lakini mabamba yake yalifungwa kwa parafujo badala ya misumari ya ribiti. Mafundi walipohakikisha kuwa kila bamba limekaa mahali pake, walilipiga alama ya namba, wakaifungua meli yote, wakaifunga katika masanduku na mafurushi. Huku Afrika, mafundi wengine walizifuata zile namba, wakaunganisha mkuku na mbavu, na safari hii wakapigilia ribiti za moto zisizofunguka tena.

Kila kitu kilitegemea uzito wa kipande. Mzigo wa mpagazi mmoja katika misafara ya wakati huo ulikuwa wastani wa kilo 30. Bamba lililozidi hapo lilihitaji wapagazi wawili na mti, au mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe walikufa kwa mbung'o njiani. Upotevu wa furushi moja tu lenye ribiti au vipande vya mtambo ungeweza kuisimamisha meli nzima ufukweni kwa miezi kadhaa, mpaka kipande kingine kiagizwe Scotland na kuvuka bahari.

Ndiyo sababu William Mackinnon, iliyofika Mombasa mwaka 1895, haikushushwa katika maji ya Ziwa Victoria hadi mwaka 1900. Miaka mitano kwa meli ndogo kiasi hicho! Wapagazi walioibeba majina yao hayakuandikwa popote pa kuonekana, ilhali jina la tajiri ambaye hakuwahi kuliona ziwa liliandikwa omoni.

Si hapa tu mambo yalikwenda hivyo. Katika Ziwa Nyasa, meli ndogo ya Ilala ilipitishwa kando ya maporomoko ya mto Shire mwaka 1875, ikiwa vipande juu ya vichwa vya mamia ya wapagazi. Katika Ziwa Tanganyika, Wajerumani walileta Graf von Goetzen kutoka Papenburg katika masanduku yapatayo 5,000, wakaishusha majini Kigoma mwaka 1915. Ndiyo ile ambayo Watanzania waliijua baadaye kwa jina la Liemba.

Wakati vipande vya William Mackinnon vilipokuwa bado njiani, reli ilikuwa imeanza. Taruma za kwanza zilitandikwa Mombasa mwaka 1896, na Nairobi ikafikiwa Mei 1899. Kati yake zimo Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, kituo kilichopata jina kutokana na ziara ya Sultani Hamoud wa Zanzibar.

Wengi huikumbuka reli hiyo kwa simba wa Tsavo. Lakini mhandisi wa wakati ule angekuambia kwamba adui wake mkubwa alikuwa ukosefu wa maji. Garimoshi la mvuke hunywa maji kuliko kundi la ngamia, na baada ya nyika kame ya Taru, maji ya Kibwezi na Makindu yalikuwa neema. Kwa hiyo mito ya Makueni, ambayo haikuweza kubeba meli, ilinywesha mitambo iliyozibeba.

Gharama yake kwa binadamu ilikuwa kubwa. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ni alama ya jamii iliyobaki kandokando ya reli hiyo, na wasafiri wa barabara ya Mombasa wa dini zote wamekula chakula hapo bila malipo.

Desemba 1901 reli ilifika ziwani, katika mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mmoja wa wahandisi, ambapo leo ni Kisumu. Hapo ndipo kilipozaliwa kiwanda. Lilijengwa gati, zikajengwa karakana, na gudi, yaani mahali ambapo meli hutolewa majini ili isafishwe, ipigwe rangi na kuzibwa matundu.

Meli zilifuatana. Mwanzoni mwa karne zilikuja Winifred na Sybil, kisha Clement Hill, na kufikia 1914 zilikuwepo Usoga na Rusinga, zote kazi ya kampuni ile ile ya Paisley. Sasa hakukuwa na haja ya kukata bamba kwa kipimo cha kichwa cha mpagazi. Kipimo kipya kilikuwa behewa la reli ya mita moja, na meli zikakua kufuatana nacho. Mabamba ya meli zote hizo yalipita Mtito Andei na Makindu, na ambaye angesimama kando ya reli siku hizo angeona vyuma tu.

Biashara ilikuwa pamba, ngozi, kahawa na abiria. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapakiwa katika mabehewa, ikashuka Ukambani hadi Mombasa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, meli hizo zilifungwa mizinga. Sybil iligonga mwamba upande wa Wajerumani, na Juni 1915 wanajeshi walisafirishwa kutoka Kisumu kwenda kuushambulia mji wa Bukoba.

Aliyetaka kuona bandari halisi ya mto, si ya ziwa, alipaswa kuvuka hadi Uganda. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, umbali wa karibu kilomita 100, ili kuyaepa maporomoko ya mto Nile. Namasagali palikuwa na gati, maghala, karakana na nyumba za wafanyakazi. Kutoka hapo meli za gurudumu la tezini, zikiwemo Stanley, Speke na Grant, ziliteremka Nile, zikavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Hapo abiria walipanda magari hadi Butiaba, ambako meli nyingine iliwangoja katika Ziwa Albert kuelekea Kongo na mpaka wa Sudan.

Ilikuwa safari ya fahari, na iliuawa na vitu viwili kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha maji ya maziwa, magati yakafunikwa. Na wakati huo huo reli ya kaskazini mwa Uganda ilikuwa ikisonga mbele, ikafika Pakwach mwaka 1964. Hakuna aliyeona faida ya kujenga magati upya. Majengo ya bandari ya Namasagali yaligeuzwa shule, ambayo ilisifika sana baadaye kwa sanaa na michezo ya kuigiza.

Hatari hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuigusa Kisumu. Mwaka 1931 reli inayopitia Eldoret na Tororo ilifika Kampala, na tangu hapo shehena ya Uganda haikuwa na lazima ya kupita ziwani. Kisumu ilibaki na mizigo ya Mwanza, Bukoba na bandari ndogo ndogo, na pia na ufundi wake.

Ufundi huo ulionekana tena mwaka 1961, pale MV Victoria iliyoundwa Glasgow ilipofunguliwa, ikaletwa Mombasa, ikapanda reli kupitia Ukambani na kuunganishwa upya Kisumu. Miaka michache baadaye zilifuata Uhuru na Umoja, meli za kubeba mabehewa ya reli pamoja na shehena yake.

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliigawanya familia hiyo. Kenya ilibaki na Uhuru, Tanzania ikachukua Victoria na Umoja. Miaka ya 1990 gugumaji likafunika ghuba ya Kisumu hata mashua ya mvuvi ikashindwa kupita. Bandari iliyokuwa imejengwa kwa jasho la nchi nzima ikawa mahali pa kutu.

Imefufuka kwa kiasi. MV Uhuru ilirudi kazini Desemba 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka 10 bila kusafiri, na magati yakakarabatiwa. Mwaka 2020 serikali iliunda kampuni ya Kenya Shipyards Limited, na katika gudi la Kisumu mafundi Wakenya wakaunda meli mpya, MV Uhuru II, kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Ilizinduliwa mwaka 2023. Hesabu ya msingi, hata hivyo, ni ile ya Paisley: chuma hutoka ng'ambo, huteremshwa Mombasa, huvuka nchi kavu, na kuwa meli mwisho wa safari.

Na Ukambani je? Ulitoa njia, maji na mabega, lakini karakana na ajira za kudumu zilikwenda Mombasa, Nairobi na Kisumu. Reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na wananchi wa huko wana haki ya kuuliza watafaidika kwa nini zaidi ya kuona makontena yakipita. Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 120.

Mito nayo ilipewa kazi nyingine. Waswahili wa Pwani waliiita meli ya mvuke stima, na neno hilo likahamia kwa umeme, ambao ndio Mkenya wa leo anaoufikiria akilisikia. Tana, uliozishinda stima za kwanza, ndio unaotoa stima za pili. Mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yalijengwa kati ya 1968 na 1988, mahali pale pale ambapo mteremko uliufanya mto usifae kwa meli. Kwenye makutano ya Thwake na Athi, mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa jingine lililokusudiwa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 680 za maji.

Lakini kwa mwananchi wa kawaida wa Kitui, mto ni kwanza kizuizi cha kuvuka. Desemba 4, 2021, basi lililokuwa na wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa katika mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Ni mto ambao miezi mingi ya mwaka mtoto huuvuka kwa miguu bila kulowa. Mahali kama hapo hapahitaji gati, panahitaji daraja refu la kutosha, lililojengwa kwa kupima mafuriko na si kwa kutazama mchanga wa kiangazi.

Mchanga wenyewe ndio bandari ya aina yake. Tangu miongo kadhaa iliyopita, jamii za Kitui na Makueni, zikisaidiwa na mashirika kama SASOL na Utooni, zimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hukatizwa mtoni juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na katika nafasi zilizo baina ya chembe maji hujificha, hata theluthi moja ya ujazo wote, yasikaushwe na jua.

Ndiyo maana vita vya mchanga huko ni vikali kuliko msomaji wa mjini anavyodhani. Lori linaloshuka mtoni usiku na kupakia mchanga wa kujengea maghorofa ya Nairobi huondoka na ghala la maji la kijiji. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, inayodhibiti ni wapi na ni kiasi gani unaweza kuchotwa, na nani apewe kibali. Penye kusimamiwa sheria hiyo, visima vya mtoni havikauki mapema. Pasiposimamiwa, mwamba umebaki wazi, na mafuriko ya Novemba hupita juu yake moja kwa moja hadi Galana na baharini, bila kuacha hata tone la kuchotwa Januari.